Funguo za Vizimba vya Rusinga

Jumatatu, 7 Oktoba. Migori

Mvua ya kwanza ya vuli. Watu walijibanza mlangoni pa duka langu la kompyuta wakijifanya wanauliza bei ya wino. Mmoja tu alikuwa mteja kweli: Mzee Mogaka, yule wa duka la vyakula vya mifugo huku barabara ya Isebania. Alikunja mwavuli, akasubiri wengine waondoke.

"Dada Lynnet, unajua kufunga intaneti?"

"Kufunga ya nani, mzee?"

"Yangu. Kuna mtu anaingia."

Kumbe ana samaki. Vizimba sita vya ngege ziwani, kisiwani Rusinga, ubia wa watu watatu. Yeye anatoa chakula na mtaji. Mwanamke anayeitwa Roseline anawafuga. Daktari wa samaki, Dishon, yuko Homa Bay. Stoo ya ufukweni ina kompyuta ndogo inayopima oksijeni ya maji na kuwasha pampu za hewa. Yeyote kati yao aliweza kuingia kwa simu au laptopu kutoka popote. Mwezi uliopita pampu zilikutwa zimezimwa asubuhi mara mbili, na hakuna aliyekubali kuzizima.

"Roseline anasema ni mimi nabana stima. Mimi nasema ni jirani yao, huyo Bonface, ana vizimba vyake hapo karibu. Dishon hasemi kitu. Mtu hasemi kitu, utamjuaje?"

Nilimwuliza paswadi yao. Aliangalia mlangoni, akainama.

"Samaki, moja mbili tatu."

Jumanne, 8 Oktoba

Nimesoma siku nzima, hata chai imepoa mara mbili. VPN nimewahi kufunga ofisi moja tu, na wote walikuwa na Windows. Hapa Mogaka ana Windows, Dishon ana Mac, Roseline ana simu ya Android, na kompyuta ya kisiwani inatumia Linux. Mifumo minne, na lazima isikilizane kama watu wa nyumba moja.

Ninachokipenda ni hiki. VPN ni kama handaki linalopita chini ya intaneti. Walio juu hawaoni kinachopita ndani. Kila mashine hujitengenezea kufuli na ufunguo. Kufuli unaligawa, hata adui akilipata si neno. Ufunguo hautoki kwenye mashine yako. Kwa hiyo kila mtu atakuwa na mlango wake, na tutajua nani kaingia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Mogaka ni Msabato, simu yake imezimwa tangu jana jua lilipotua. Nina maswali kumi na sina wa kuyajibu.

Alhamisi, 17 Oktoba. Rusinga

Sijawahi kulitazama ziwa kama leo. Roseline alinipeleka kwa mtumbwi hadi kwenye jukwaa la pampu, katikati ya vizimba. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, amesomea ufugaji wa samaki, na anazungumza na samaki kwa Dholuo kama mtu anayegombeza kuku. Alitupa konzi moja ya chakula na maji yakachemka.

"Hewa ikipungua wanakuja juu hivi," akafungua mdomo na kuufunga, akafungua na kuufunga. "Hiyo usiombe kuiona, nyamera." Dada yangu, kwa Dholuo.

Nikauliza inapungua kwa nini. Akasema chini kuna maji mazito yasiyo na hewa, yamelala tu. Upepo mkali na mvua vikiligeuza ziwa, maji yale yanapanda, na samaki wa kwenye kizimba hana pa kukimbilia. Wa nje anakimbia. Nikauliza mbona mashine isiwashe pampu yenyewe ikiona hatari. Akacheka. "Uliza Mogaka. Anasema mashine haijui bei ya stima."

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Modemu ya stoo haina anwani yake mwenyewe. Kampuni ya simu inawapa watu wengi anwani moja, kama kijiji kizima kinachotumia sanduku moja la posta. Huwezi kuipigia kutoka nje. Basi nimekodi seva ndogo mtandaoni iwe njia panda. Kisiwa kinaita seva, wenzake nao wanaita seva, wanakutana hapo. Ukurasa wa kuendeshea pampu sasa unafunguka kwa aliye ndani ya handaki tu. Hata aliyekaa kwenye kibodi ya stoo haufungui. Kisha nikapitisha mawasiliano yote ya kompyuta ile ndani ya handaki, lisivuje hata tone. Nikaizima, nikaiwasha, ikaingia yenyewe. Nilijipongeza kwa sauti.

Wakati tunafunga stoo mwanamume alipita na mtumbwi, akainua kasia kumsalimia Roseline, hakusimama. Ndiye Bonface. Zamani alikuwa akishuka kunywa chai, Roseline akasema, lakini Mogaka alimwita mwizi kwenye simu, na simu ilikuwa kwenye spika, akasikia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Windows ya Mogaka. Haikubali programu mpya bila paswadi ya msimamizi, na msimamizi ni mpwa wake aliye Nairobi, ambaye hashiki simu. Alishika jioni. Dakika tano zikatosha.

"Huo ufunguo nitumie WhatsApp nisiusahau," Mogaka akasema.

"Mzee, ufunguo hautumwi. Ukitumwa si wako tena."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Nadhani hilo alilielewa kuliko yote niliyomweleza.

Ijumaa, 25 Oktoba. Homa Bay

Dishon ana ofisi ndogo karibu na soko la samaki. Mac yake ni ya zamani, programu inataka mfumo mpya na mashine haiwezi kuupokea. Nilizunguka kwa kuandika amri moja moja, kazi ya saa mbili, naye amekaa kimya akisoma. Nimemwona mtu baridi. Tulipomaliza ndipo akauliza, "Seva ikifa?" Swali zuri. Nimeweka seva ya akiba niliporudi.

Jumanne, 29 Oktoba

Simu ya Roseline inaua VPN kila skrini ikilala, ati inatunza betri. Nimeikataza kupitia yeye, kwa simu. Imetii.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku tatu Dishon anakatikakatika. Anaingia, anatupwa nje, anaingia tena. Nililaumu mvua, nikalaumu Mac. Leo nimekaa nikaangalia seva: mtu mmoja, lakini anaita kutoka sehemu mbili kwa zamu. Nikampigia.

"Daktari, lile faili la ufunguo uliliweka kwenye simu pia?"

"Niliona ni rahisi."

Mashine mbili zilikuwa zinagombea jina moja, na seva ikiipeleka barua kwa iliyoita mwisho. Nimeipa simu yake ufunguo wake. Nimefurahi mno kwa kitu kidogo hivi.

Jumanne, 5 Novemba

Pampu zimekutwa zimezimwa tena alfajiri.

Mogaka alikuja dukani kabla sijafungua. "Sema. Ni nani?"

Nilifungua laptopu mbele yake. Hakuna aliyeingia usiku ule. Si yeye, si Roseline, si Dishon, wala mgeni. Mogaka alisoma mara mbili akitumia kidole.

"Kwa hivyo mlango wako hauoni."

"Au hakuna aliyepita, mzee."

Maneno hayo yamenitoka bila kuyapima, na tangu asubuhi yananisumbua. Kama hakuna aliyepita leo, pengine hata mwezi ule hakuna aliyepita.

Ijumaa, 8 Novemba. Rusinga

Nimemwuliza Roseline asubuhi ile ya Jumanne kulikuwaje. Kawaida tu, akasema, stima ilipepesa usiku, ikarudi.

Tukatazamana.

Nikawasha pampu. Tukaenda jukwaani kwa mtumbwi, nikang'oa waya wa swichi ya pampu, nikahesabu tano, nikaurudisha. Taa ya swichi ikawaka, pampu zikabaki kimya. Stima ikipepesa, swichi inaamka ikiwa imezima! Kompyuta ya stoo ina betri ndogo pembeni ya kuibeba saa chache, haikuwahi hata kujua. Hakukuwa na mwizi. Watu watatu wamenuniana miezi miwili kwa ajili ya swichi.

Nimebadilisha mpangilio: iamke kama ilivyolala. Roseline alikaa juu ya gunia la chakula, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha hakucheka tena. "Na Bonface? Nani atamwambia?"

Nilimpigia Mogaka. Alisikiliza, akasema, "Basi huyo Bonface ndiye anachezea waya za stima." Nilikata simu kabla sijamkosea heshima.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Oksijeni nzuri. Sina wajibu wa kuiangalia, nimeshalipwa kazi yangu, lakini asubuhi naifungua kabla ya kupiga mswaki.

Jumatano, 20 Novemba

Imeshuka kidogo. Dishon ameagiza wapunguze chakula. Roseline amempeleka mamake hospitali ya Homa Bay, mapafu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nitaandika yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Usiku wa jana dhoruba ilivuma hadi huku Migori, mabati yaliruka. Asubuhi nilipofungua laptopu Rusinga haikuwepo. Nikasema ni neti. Nikaweka maji ya chai.

Roseline akapiga kutoka wodini, ananong'ona. "Nyamera, siingii. Simu inasema imeunganishwa lakini stoo haipo. Na Bonface amenipigia. Ametupigia, unasikia? Anasema maji yamebadilika rangi na samaki wake wako juu wanatafuta hewa. Stima ilienda saa mbili usiku, imerudi sasa hivi alfajiri."

"Pampu zetu?"

"Jana jioni oksijeni ilikuwa nzuri, tulizima. Mawimbi ni makubwa, hakuna mtumbwi utafika kwenye jukwaa. Vizimba vyake ndivyo viko karibu na ufukwe."

Kwa hiyo njia ilikuwa moja, ile niliyoijenga mimi, na ilikuwa imefungwa.

Niliangalia seva. Kitu kilichonishtua ni kwamba kisiwa kilikuwa kinaita. Kila sekunde chache anwani ileile inabisha hodi, na seva haiitikii. Ufunguo ni sahihi, neti ipo. Dishon alinipigia, nikamwunganisha na Roseline, akauliza, "Umefikia wapi?" nikamwambia sijui. Akasema, "Sawa. Niko hapa," akanyamaza, hakukata.

Ukimya ule ulinisaidia. Nilijiuliza: mtu mwenye ufunguo halali anakataliwa mlangoni kwa sababu gani? Nikakumbuka nilichosoma siku ya kwanza kabisa na kukipita haraka. Kila salamu ya handaki hubeba saa. Seva hukataa salamu yenye saa iliyopitwa, kwa sababu mwizi anaweza kunasa salamu za jana akazirudia leo. Na kompyuta ile ndogo haina betri ya saa. Inapowaka huuliza saa mtandaoni. Na mimi, kwa ujanja wangu, nilipitisha kila kitu ndani ya handaki. Haiwezi kuuliza saa mpaka handaki lifunguke, na handaki halifunguki mpaka iwe na saa.

"Roseline, kuna mtu anaweza kuingia stoo?"

"Bonface tu ndiye yuko karibu."

"Itabidi nimpe paswadi ya msimamizi. Ile ya kila kitu."

Nilisikia mtu akikohoa nyuma yake, labda mamake. "Mogaka ataniua," akasema. Halafu: "Mpe. Namtumia ujumbe avunje na kufuli."

Nilimpigia Bonface kwa simu yangu ya pili. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu kama mtu anayekung'uta gunia.

"Wewe ndiye fundi? Nimevunja. Niko ndani. Niguse nini?"

"Washa skrini. Unaona tarehe juu?"

"Naona. Inasema Alhamisi, tarehe kumi na saba Oktoba. Dada, hii mashine ni gonjwa."

Kumi na saba Oktoba ndiyo siku niliyoizima kwa utaratibu mara ya mwisho, na saa huihifadhi inapozimwa hivyo tu. Betri iliisha usiku, ikaamka ikidhani bado ni siku ile.

Ningeweza kumsomea amri ya kuwasha pampu, lakini ni ndefu kama nasaba. Ya saa ni mstari mmoja. Nikamtajia paswadi herufi kwa herufi, hiyo ambayo hata Mogaka nisingempa kwenye karatasi, na nikamtajia mtu ambaye kwa ajili yake tulianza kufunga milango. Alikosea mara mbili. Vidole vimelowa, akasema, subiri nipanguse. Nyuma yake nikasikia sauti za wanaume wakiita jina lake.

"Ni nani?"

"Ni vijana wangu. Tulikuwa tunatoa samaki wangu kabla hawajafa. Wanataka nirudi." Akawaambia wangoje. "Endelea. Baada ya nafasi naandika nini?"

Nikamtajia. Akabonyeza. Nilikuwa nimekaza macho kwenye seva hadi yanauma, na mara mstari wa Rusinga ukageuka: ameingia.

Dishon hakungoja niseme. "Nimeiona. Oksijeni moja na nusu, chini mno. Nawasha." Nikasikia vidole vyake kwenye Mac ile nzee. "Moja, mbili, tatu, zote zimewaka." Kwa simu, Bonface: "Zimenguruma! Ber ahinya! Vizuri sana!" na simu ikakatika. Alikuwa anakimbia kwa samaki wake.

Dishon alibaki kwenye laini akimsomea Roseline namba, polepole, kwa sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa Zaburi. Nilikuwa nimemwona mtu baridi. Namba zilipanda kwa kizimba cha tatu hadi cha sita. Cha kwanza na cha pili, vilivyo upande wa upepo, zilikataa. Akasema samaki wa hivyo watolewe wote wakauzwe leoleo, barafu inahitajika, na gari.

Gari na barafu ni Mogaka. Simu ya Mogaka imezimwa.

Nilitembea hadi kanisani kwao na mvua. Mzee wa kanisa mlangoni aliviangalia viatu vyangu vya matope, akaenda kumwita. Mogaka alitoka na Biblia kwapani.

"Mzee, samaki wanakufa."

"Leo ni Sabato, dada."

"Najua."

Ndani walikuwa wanaimba. Alisimama pale, uso umekunjamana. Mwishowe akasema, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, si unamtoa?" Akatoa simu, akaiwasha. "Na hawa walizaliwa kisimani."

Nikamweleza habari yote alipokuwa akimpigia dereva, pamoja na paswadi na nani niliyempa. Aliacha kubonyeza simu.

"Bonface aliacha samaki wake?"

"Ndiyo."

Alirudi kwenye simu, akamhimiza dereva hadi lori likaondoka.

Jumapili, 24 Novemba

Vizimba viwili tumepoteza, karibu nusu ya samaki wake wakauzwa. Vinne vimepona. Bonface alikuwa na vitatu. Havina pampu, havijawahi kuwa nazo. Ameokoa beseni chache.

Nimebadilisha paswadi, kisha nikampigia kumwambia ile ya jana haifanyi kazi tena. Nilidhani ataona vibaya. "Hata hivyo nilishaisahau," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka sana.

Jumanne, 26 Novemba

Nimetuma Rusinga kifaa cha saa chenye betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Nimeruhusu kompyuta iulize saa nje ya handaki. Nimeandika hapa ili nisije nikasema haikuwa mimi: mlango niliofunga zaidi ya lazima ndio uliotufungia nje.

Alhamisi, 28 Novemba

Mamake Roseline ameruhusiwa kwenda nyumbani.

Jumatano, 4 Desemba. Rusinga

Mogaka amekuja ziwani. Miaka miwili ana samaki hapa na hajawahi kuwaona. Alivaa mabuti mapya kutoka dukani kwake, bei bado imebandikwa kwenye kisigino.

Tulimkuta Bonface anakarabati nyavu za kizimba kitupu. Mogaka alisimama mbele yake na mwavuli uliofungwa, ingawa manyunyu yalikuwa yanatunyeshea sote.

"Mimi nilikuita mwizi," akasema.

"Nilisikia."

"Nilikosea."

Bonface aliendelea kuvuta uzi hadi fundo likakaza. "Sawa, mzee. Karibu Rusinga." Roseline akasema chai iko tayari, na safari hii Bonface akaja.

Kwenye chai Roseline akatoa wazo lake. Maji ni yaleyale. Oksijeni yetu ikishuka, ya Bonface imeshuka. Kwa nini naye asiione? Wote waliniangalia. Nikasema inawezekana, mlango wa kuangalia tu, usioweza kugusa chochote. Dishon, aliyekuwa kwenye spika kutoka Homa Bay, akasema, "Naunga mkono." Mogaka akakoroga chai isiyo na sukari.

Simu ya Bonface ni ndogo, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Nilidhani itakataa. Ikajitengenezea ufunguo wake bila kelele, mimi nikachukua kufuli lake tu, nikalipachika kwenye seva. Nilikuwa nimeanza kuandika ruhusa yake, ya kuangalia, Mogaka akaniinamia begani.

"Hapo unaandika nini?"

"Kwamba anaona tu, mzee."

"Hapana. Mpe na ya kuwasha." Akakaa chini, akapuliza chai. "Na Roseline, pima mpira wa hewa wa kufika kwenye vizimba vyake. Nitaleta."

Bonface alishika simu kwa mikono miwili. "Nikibonyeza hapa?"

"Jaribu," nikasema.

Huko ziwani pampu zikanguruma, na ndege weupe wakaruka kutoka kwenye jukwaa. Roseline akapiga kofi. Kabla hatujasema kitu, sauti ya Dishon ikatoka kwenye spika, kali kidogo.

"Lynnet, pampu zimewaka. Kuna mtu ameingia ambaye simjui."

"Ni Bonface," Mogaka akamjibu, "mwenzetu."

Tukasikia vidole vya Dishon kwenye Mac yake.

"Sawa," akasema. "Basi mwambieni azime. Oksijeni ni nzuri leo, na stima ni ghali."